Visa vitano vya kweli vya majasusi: uanze na kipi?

Anayetaka kuingia katika visa vya kweli vya ujasusi hujikuta mbele ya msitu. Kuna vya karne ya 16 na vya Vita Baridi, vya malkia na vya wahandisi, vya waliozeeka kwa amani na vya waliofia kitanzini. Wengi huanza na kile kilichopigiwa kelele zaidi, hukumbana na majina hamsini kabla ya kujua nani ni nani, kisha hukiacha njiani na kusema mambo haya si yao. Mara nyingi kisa hakina kosa. Msomaji alianza na kisichomfaa.

Hapa nimeweka vitano ninavyovipenda, vyote vya watu walioishi kweli. Ninavipima kwa mizani ileile, halafu mwishoni nitakuambia nani aanze wapi.

Mizani ninayotumia

Cha kwanza ni ushahidi. Ujasusi ni kazi ya kudanganya, na wanaosimulia baadaye mara nyingi ni walewale waliokuwa wakidanganya. Kwa hiyo inafaa kuuliza: tunajuaje? Je, kuna barua zenyewe, majalada ya idara, kumbukumbu za mahakama, au ni maneno ya mtu mmoja tu?

Cha pili ni ufundi, yaani njia ambayo habari ilipita kutoka kwa mwenye siri hadi kwa aliyeitaka. Kuna wasomaji ambao hapa ndipo penye utamu wote.

Cha tatu ndicho ninachokithamini kuliko vyote: kuaminiwa. Tumezoea kudhani kazi ngumu ya jasusi ni kuiba siri. Ukikaa na visa hivi muda mrefu utaona kwamba kuiba ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki, na mara nyingi iliyo ngumu zaidi, ni kumfanya aliye upande wa pili aamini alicholetewa. Kila kisa nilichochagua kinalijibu swali hilo kwa namna yake.

Halafu kuna mwisho wa kisa, maana si kila mtu ana moyo wa kukaa na kifo cha mtu aliyemzoea, na mzigo wa historia unaohitaji kuubeba kabla kisa hakijaanza kueleweka.

1. Malkia Mary na pipa la bia, 1586

Mary, malkia wa Uskoti, alikuwa kizuizini Uingereza tangu 1568. Francis Walsingham, waziri wa Malkia Elizabeth I na mkuu wa mtandao wake wa majasusi, aliamini kwamba Mary akiwa hai Elizabeth hayuko salama. Lakini Mary alikuwa amefungiwa njia zote za barua, na asiyeandika hawezi kukamatwa kwa alichoandika. Basi Walsingham akampa njia.

*Ufundi.* Kijana mmoja aitwaye Gilbert Gifford, ambaye Mary alimdhania mtu wake, alikuwa akimtumikia Walsingham. Barua za fumbo zilitiwa ndani ya kifuko kisichopenya maji, kikafichwa kwenye kizibo cha pipa la bia, na pipa likaingia na kutoka katika jumba la Chartley kama shehena ya kawaida. Mtengeneza bia alilipwa na pande zote mbili. Njiani kila barua ilifunguliwa, ikanakiliwa, na lakiri yake ikarudishwa kwa ustadi kiasi kwamba mpokeaji hakuona alama. Aliyefumbua maandishi alikuwa Thomas Phelippes. Fumbo la Mary lilikuwa na alama za herufi na alama nyingine za maneno mazima, na kwa mtu kama Phelippes hiyo haikuwa kazi ya kumkesha.

Mwezi Julai 1586 Mary alimjibu Anthony Babington, kijana aliyekuwa akipanga kumwokoa na kumuua Elizabeth. Phelippes alipoifumbua barua hiyo, alichora juu yake alama ya mti wa kunyongea. Kisha akaongeza, kwa fumbo lilelile, maneno machache ya nyongeza yakimwomba Babington ataje majina ya waungwana sita waliopewa kazi ya kuua. Nikifika hapa husita kila mara. Barua ya kweli ilitosha kumhukumu, na bado waliona haja ya kuighushi.

*Kuaminiwa.* Mary hakushindwa kwa sababu fumbo lake lilikuwa dhaifu tu. Alishindwa kwa sababu aliiamini njia. Mtu anayedhani anaongea faraghani husema kila kitu.

*Ushahidi.* Ni mzuri kwa kisa cha zamani hivi, maana kuna nakala za barua na kumbukumbu za kesi. Na bado unakua: Februari 2023 wafumbuzi watatu walitangaza kwamba barua 57 za fumbo zilizokuwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ni za Mary, zilizoandikwa kati ya 1578 na 1584. Karne nne na zaidi zimepita, na malkia huyu angali anasomewa barua zake.

*Mwisho na mzigo.* Mary alikatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587 katika ngome ya Fotheringhay. Mzigo wa historia ni mkubwa kiasi, kwani bila kuelewa ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti wa wakati ule, watu hawa wote wataonekana wendawazimu.

Kinamfaa anayependa mafumbo na maandishi ya siri, na asiyependa bunduki.

2. Richard Sorge mjini Tokyo, 1933 hadi 1941

Sorge alizaliwa 1895 karibu na Baku, baba Mjerumani, mama Mrusi. Aliipigania Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akajeruhiwa, na katika uchungu huo akawa mkomunisti. Mwaka 1933 aliingia Tokyo kama mwandishi wa habari wa Kijerumani, akajiunga na chama cha Nazi, huku akiifanyia kazi idara ya ujasusi ya jeshi la Kisovieti.

*Ufundi.* Hakuvunja kabati la mtu. Alijenga urafiki. Eugen Ott, mwambata wa kijeshi wa Ujerumani aliyekuja kuwa balozi mwaka 1938, alimwamini hadi kumwonyesha nyaraka na kumwomba ushauri. Upande wa Wajapani alikuwa na Hotsumi Ozaki, mwandishi aliyefika hadi kwenye mduara wa washauri wa Waziri Mkuu Konoe. Kikulacho ki nguoni mwako, na ubalozi ule ulimlisha mezani pake mtu aliyekuwa akiupeleka Moscow kipande kwa kipande. Habari zilifumbwa kwa kutumia tarakimu za kitabu cha takwimu cha Kijerumani, kitu ambacho kikikutwa rafuni kwa mwandishi wa habari hakimshangazi mtu, kisha zikarushwa hewani na mwendesha redio wake, Max Clausen.

Kuna jambo moja la mwaka 1938 linaloonyesha ni mtu wa namna gani. Sorge alianguka na pikipiki usiku, uso ukaharibika vibaya, meno yakavunjika. Mifukoni alikuwa na karatasi ambazo zingewaua wote. Hakukubali kupoteza fahamu hadi Clausen alipofika na kuzitoa mfukoni mwake.

*Kuaminiwa.* Hiki ndicho kisa chenye jeraha kubwa zaidi kwenye kigezo hiki. Katika miezi ya kabla ya Juni 1941 Sorge alionya Moscow kwamba Ujerumani inajiandaa kushambulia. Sikio la kufa halisikii dawa: Stalin aliyadharau maonyo hayo, na tarehe 22 Juni mashambulizi yakaja. Baadaye mwaka huohuo Sorge alituma taarifa kwamba Japani haitaishambulia Urusi kwa wakati ule, na safari hii walimsikiliza. Vikosi kutoka mashariki vilihamishiwa kuilinda Moscow. Wanahistoria hubishana ni kwa kiasi gani taarifa yake pekee iliamua jambo hilo, na ni vema uingie ukijua ubishi huo upo.

Upo uchungu mwingine unaosahaulika. Clausen, ambaye kazi yake ya bandia ilikuwa biashara, alifanikiwa kweli katika biashara hiyo, imani yake ya ukomunisti ikapoa, akaanza kupunguza ujumbe aliotuma. Sorge alikuwa akiandika asiyajue hayo. Kwa hiyo baadhi ya maneno yake hayakupata hata nafasi ya kukataliwa.

*Ushahidi.* Mwingi, lakini sehemu kubwa ni maelezo aliyoyatoa akiwa gerezani Japani. Soma ukikumbuka kwamba anayeandika yuko chini ya kivuli cha kitanzi na ana watu wa kuwalinda.

*Mwisho na mzigo.* Alikamatwa 18 Oktoba 1941, akanyongwa katika gereza la Sugamo tarehe 7 Novemba 1944, siku moja na Ozaki. Nchi aliyoitumikia haikumtaja hadharani kwa miaka 20, hadi ilipompa nishani ya Shujaa wa Muungano wa Kisovieti mwaka 1964. Aliyemtafuta kaburini ni Hanako Ishii, mwanamke Mjapani aliyeishi naye. Alipata mabaki yake, akayazika upya kwa heshima. Mzigo wa historia hapa ndio mzito kuliko vyote vitano: Ujerumani, Urusi, Japani na Uchina kwa mpigo.

Kinamfaa msomaji wa siasa za dunia, mvumilivu, anayetaka kujua kwa nini watawala hupuuza ukweli ulio mezani.

3. Juan Pujol na majasusi 27 wasiokuwepo

Kama vingine ni vizito, hiki kina mbawa. Juan Pujol García wa Barcelona alitoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania akiwachukia mafashisti na wakomunisti kwa pamoja. Mwaka 1941 alijitolea kwa Waingereza mjini Madrid, wakamkataa. Akaona njia iliyobaki ni kwenda kwa Wajerumani, ajifanye mfuasi wao wa damu, halafu arudi kwa Waingereza akiwa na kitu mkononi.

*Ufundi.* Wajerumani walimpa wino usioonekana, fumbo na pesa, wakamwambia aende Uingereza. Hakwenda. Alikaa Lisbon, Ureno, akaanza kuandika taarifa za "kutoka London" kwa kutumia kitabu cha mwongozo wa watalii, ratiba za treni na magazeti ya maktabani. Hadi wakati huo hakuwahi kuikanyaga Uingereza. Pesa za Kiingereza za wakati ule zilimshinda kujumlisha, hivyo akawa anaorodhesha matumizi bila jumla. Aliandika kwamba watu wa Glasgow wako tayari kufanya lolote kwa lita moja ya mvinyo, jambo ambalo mtu yeyote aliyepita Glasgow angejua ni la kubuni. Wajerumani wakaamini.

Waingereza, waliokuwa wakisoma kwa siri mawasiliano ya Wajerumani, walianza kujiuliza ni jasusi gani huyu aliyeko nchini mwao anayeripoti meli zisizokuwepo. Pujol na mkewe Araceli waliendelea kubisha hodi, na Aprili 1942 akapelekwa London. Huko alipewa mshirika, Tomás Harris, aliyezungumza Kihispania kama yeye. Wawili hao wakabuni mtandao wa wasaidizi 27, kila mmoja na kazi yake, tabia yake na malalamiko yake ya mshahara. Mmoja aliishi Liverpool, mahali ambapo angepaswa kuona manowari zikiondoka kwenda Afrika Kaskazini mwaka 1942. Walichofanya ni "kumfanya augue", kisha "kumwua", na tanzia yake ikachapishwa gazetini. Wajerumani walikubali kumlipa mjane pensheni. Mjane naye hakuwepo.

*Kuaminiwa.* Pujol ni Sorge aliyegeuzwa. Sorge alisema kweli asiaminiwe, Pujol alidanganya akaaminiwa hadi mwisho. Sababu inastahili kutazamwa kwa karibu: alichanganya uongo na ukweli uliochelewa. Usiku wa kuamkia 6 Juni 1944 aliruhusiwa kuwaonya Wajerumani kwamba majeshi ya Uingereza na washirika wake yanakuja kuivamia Ufaransa, onyo la kweli, la dakika za mwisho ambalo lisingeweza tena kuwasaidia. Waliokuwa upande wa pili hawakuwa redioni. Waliposikia asubuhi, pwani ya Normandy ilikuwa tayari imewaka. Akawagombeza kwa uzembe wao, na heshima yake ikapanda. Siku tatu baadaye, tarehe 9 Juni, akawaambia kwamba Normandy ni chambo na pigo lenyewe litakuja Pas-de-Calais, sehemu nyingine ya pwani ya Ufaransa. Vikosi vilivyotakiwa kwenda Normandy vilizuiwa, na wiki kadhaa baadaye bado kulikuwa na majeshi yaliyokaa Pas-de-Calais yakingojea uvamizi usiokuja.

*Ushahidi.* Bora kuliko vyote hapa. Majalada ya MI5, idara ya usalama ya Uingereza, yamefunguliwa, na barua alizowaandikia Wajerumani zinahesabiwa kuwa 315.

*Mwisho na mzigo.* Alipewa Msalaba wa Chuma na Wajerumani, na nishani ya MBE na Waingereza, kwa kazi ileile. Mwaka 1949 ilitangazwa kwamba amekufa kwa malaria nchini Angola. Ulikuwa uongo wake mwingine, maana alikuwa akiishi Venezuela. Alijitokeza tena 1984, akasimama Normandy miaka 40 baada ya mapigano, akafariki 1988. Mzigo wa historia ni mdogo.

Usikichukulie kama kisa cha raha tupu, hata hivyo. Mwaka 1943 Araceli, akiwa amechoka na upweke wa London na kumtamani mama yake, alitishia kwenda ubalozi wa Hispania. Pujol na Harris wakaigiza kwamba mume amekamatwa kwa sababu yake, wakampeleka kumwona kambini. Ilifanikiwa. Mimi sijaweza kumsoma Pujol kwa moyo mwepesi tangu nilipofika ukurasa huo.

Kinamfaa anayeanza kabisa, na yeyote anayetaka kisa chenye mwisho anaoweza kulala nao.

4. Noor Inayat Khan mjini Paris, 1943

Binti wa mwalimu wa kisufi kutoka India na mama Mmarekani, mwanamuziki, mwandishi wa hadithi za watoto, aliyelelewa kando ya Paris. Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940, familia ilikimbilia Uingereza. Juni 1943 alirudi kwa ndege ndogo ya usiku, akiwa mwanamke wa kwanza kutumwa na SOE, idara ya Uingereza ya shughuli za siri nyuma ya adui, kama mwendesha redio katika Ufaransa iliyokaliwa.

*Ufundi.* Redio ilikuwa mzigo wa sanduku zima, na ilihitaji waya mrefu wa antena utandazwe mahali. Wajerumani walikuwa na magari ya kunusa mawimbi, hivyo kila dakika hewani ilikuwa hatari. Siku chache baada ya kufika, mtandao wa "Prosper" aliotakiwa kuutumikia ulisambaratika, mmoja baada ya mwingine akikamatwa. London ikataka arudi. Alikataa, kwa sababu bila yeye kikundi kile mjini Paris kisingekuwa na sauti. Kwa miezi kadhaa alihama nyumba hadi nyumba, akibadili mavazi na rangi ya nywele.

*Kuaminiwa.* Kabla hajatumwa, baadhi ya wakufunzi wake walimwona hafai. Baada ya kukamatwa Oktoba 1943 Wajerumani walitumia redio yake kuongea na London, na London ikaamini kwamba bado ni yeye. Majasusi wengine waliangushwa kwa miavuli wakapokewa na Gestapo, polisi wa siri wa Nazi. Hapo ndipo kisa hiki kinapouma. Walimtilia shaka alipokuwa mwaminifu, wakaiamini sauti yake ilipokuwa si yake. Ni haki pia kusema kwamba alifanya kosa kubwa la kazi: alitunza nakala za ujumbe wake katika daftari, na daftari likaangukia mikononi mwa adui. Wanaompenda wasilifiche hilo. Halipunguzi ujasiri wake hata kidogo.

*Ushahidi.* Una mapengo. Majalada mengi ya SOE yaliungua mwaka 1946, na mengi ya siku zake za mwisho yametokana na maneno ya walinzi na wafungwa waliohojiwa baada ya vita.

*Mwisho na mzigo.* Alijaribu kutoroka mara mbili kutoka makao ya Wajerumani kwenye barabara ya Foch. Akapelekwa gereza la Pforzheim, akafungwa minyororo kwa miezi. Tarehe 13 Septemba 1944 alipigwa risasi Dachau pamoja na wanawake wengine watatu wa SOE: Yolande Beekman, Eliane Plewman na Madeleine Damerment. Alikuwa na miaka 30. Nishani ya George Cross ilimfikia akiwa kaburini, mwaka 1949. Mzigo wa historia ni mwepesi, wa moyo ndio mzito.

Kinamfaa anayetaka kumjua mtu kuliko kuzijua mbinu. Usimpe kijana aanze nacho peke yake.

5. Adolf Tolkachev, mhandisi wa Moscow, 1977 hadi 1985

Hiki watu wengi hawakijui, nami ningependa wakijue. Tolkachev alifanya kazi katika taasisi ya kubuni rada za ndege za kivita. Wazazi wa mkewe walikuwa wahanga wa Stalin: mama aliuawa, baba akatupwa kambini. Mwanzoni mwa 1977, kwenye kituo cha mafuta kilichotumiwa na wanadiplomasia, alimsogelea mtu aliyekuwa mkuu wa CIA mjini Moscow, akamwuliza kama ni Mmarekani, akaacha karatasi ndani ya gari.

*Kuaminiwa.* CIA haikumjibu. Akarudi, wakamkataa tena. Walihofia ni chambo cha KGB, idara ya usalama na ujasusi ya Kisovieti, na makao makuu yao yalikuwa yamesimamisha shughuli za Moscow. Alirudi mara kadhaa, kila mara akiweka shingo yake mezani, mbele ya watu waliokuwa wakimtazama kama mtego. Mkutano wa kwanza wa ana kwa ana ulifanyika tarehe 1 Januari 1979. Hebu pima hiyo: karibu miaka miwili tangu mtu ajitolee roho mara ya kwanza hadi kukutana nao, na zaidi ya mwaka mmoja wa muda huo ni wa kuambiwa hapana.

*Ufundi.* Alibeba nyaraka chini ya koti saa ya chakula cha mchana, akaenda nazo nyumbani, akafunga kamera kwenye egemeo la kiti, akapiga picha ukurasa kwa ukurasa, akarudisha kabla mtu hajauliza. Taasisi ilipobadili utaratibu, ikataka kitambulisho kiachwe dirishani ndipo upewe nyaraka, CIA ilimtengenezea cha bandia ili cha kweli abaki nacho mfukoni.

Kukutana naye nako kulikuwa kazi. Desemba 1982 ofisa mmoja alitoka ubalozini katika gari lenye watu wanne, kama wanaokwenda kwenye sherehe, mwanamke mmoja akishika keki kubwa. Kwenye kona, mahali ambapo gari la KGB nyuma yao halikuona kwa sekunde chache, ofisa akaruka nje. Keki ikawekwa kwenye kiti chake, na kutoka ndani yake likafyatuka sanamu bapa la kichwa na mabega ya mtu. KGB wakaendelea kufuata gari lenye vichwa vinne.

Alichoomba Tolkachev, mbali na pesa ambazo asingeweza kuzitumia bila kujulikana, kilikuwa vitabu, na santuri za muziki wa roki na vifaa vya kuchorea kwa ajili ya mwanawe. Alichotoa, Jeshi la Anga la Marekani lilikikadiria kuwa na thamani ya dola bilioni mbili za utafiti.

*Ushahidi.* Mzuri, kwani CIA yenyewe imechapisha maelezo marefu. Kumbuka tu kwamba ni kisa kinachosimuliwa na upande mmoja.

*Mwisho na mzigo.* Siri ya mtungi aijuaye kata. Edward Lee Howard, aliyeandaliwa na CIA kwenda Moscow kisha akafukuzwa 1983, aliwauzia Warusi alichojua. Tolkachev alikamatwa Juni 1985, akauawa mwaka uliofuata. Mzigo wa historia ni mdogo, ukishajua tu Vita Baridi ilikuwa nini.

Kinamfaa mpenzi wa mitambo na utaratibu, na anayetaka kuona ujasusi ulivyo siku kwa siku, bila vita wala mabomu.

Vikiwekwa bega kwa bega

Kwa ushahidi, Pujol anaongoza, Tolkachev na Mary wanafuata, Sorge anahitaji uangalifu, Noor anahitaji uvumilivu wa mapengo. Kwa ufundi, Mary na Tolkachev ndio wenye mengi ya kufundisha, mmoja kwa kizibo cha pipa, mwingine kwa kamera ya kitini. Kwa athari iliyopimika juu ya vita, ni Pujol na Sorge. Kwa upande wa moyo, sioni wa kumweka karibu na Noor. Kwenye kuaminiwa sipangi nafasi, maana hapo visa hivi havishindani. Vinajibizana.

Wewe uanze wapi

Kama hujawahi kusoma kisa chochote cha ujasusi, na una siku mbili tatu tu, chukua Pujol. Utaelewa kila kitu bila kamusi ya historia, na utamaliza.

Kama tayari unajua Vita vya Pili vya Dunia na umechoshwa na Normandy, nenda Tokyo kwa Sorge, lakini tenga muda na uandike majina pembeni.

Kama kazi yako ni ya kompyuta, usalama wa taarifa au hesabu, anza na Mary. Kosa la kuiamini njia kwa sababu ujumbe umefumbwa linafanyika hadi leo.

Kama unamchagulia kijana wa miaka 15 au zaidi, Tolkachev ni mzuri, ilimradi umwambie mapema kwamba hakiishii vizuri. Kama unasoma kwa kikundi na mnataka kisa cha kubishania, huyohuyo Tolkachev tena: je, ni msaliti wa nchi yake au ni mtu aliyelipa deni la wakwe zake? Sijawahi kuona kikundi kikikubaliana.

Kama umefiwa karibuni au moyo wako umechoka, mwache Noor kwa sasa. Atakungoja. Na ukishamsoma, usilale hapo hapo, mfuate mara moja Virginia Hall, Mmarekani aliyeifanyia kazi SOE hiyohiyo huko Lyon akiwa na mguu wa mbao alioupa jina Cuthbert. Novemba 1942, Wajerumani wakiwa nyuma yake, alivuka milima ya Pyrenees kwa miguu kwenye theluji. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba anatumaini Cuthbert hatamsumbua njiani. London, bila kuelewa Cuthbert ni nani, ikajibu kwamba akisumbua amwondoe. Alifika, akarudi tena Ufaransa mwaka 1944 akiwa amejigeuza bibi kizee wa shamba, na akaishi hadi 1982.